Picha ya Pili

"Shangazi, dawa ya mbu imefika. Inapulizwa leo."

Simu ikakatika.

Sindano aliirudisha Nokia mkobani, ubavuni mwa bastola yake, Beretta, akaendelea kushuka ngazi kana kwamba aliyepiga alikosea namba. Maana ya maneno yale aliijua. Ramani imeingia nchini. Leo inachukuliwa. Na itachukuliwa palepale alipokuwa anakwenda, kwenye darasa la mafundi wanaoanza, nyuma ya duka la kutengeneza televisheni.

Duka la shemeji yake.



Kwa wiki kadhaa idara yake ya usalama ilikuwa ikinasa mazungumzo ya watu wa nje waliopanga kulipua kituo kikuu cha umeme. Ramani yenye alama za mahali pa kutega baruti ingeingia ndani ya visanduku vya kujifunzia ufundi. Forodhani nani atahangaika kupekua vitu vya wanafunzi? Visanduku vilitolewa na mfadhili mmoja mgeni, mtu wa tabasamu jingi na mikono laini, na vyote vilipitia kwa mtu mmoja tu. Mwalimu wa darasa. Mume wa marehemu dada yake.

Sindano mwenyewe ndiye aliyeiomba kazi hii. Asipokwenda yeye angekwenda mwingine, asiyejua wala kujali kwamba mwalimu yule ana binti mdogo wa darasa la tatu, na kwamba binti yule hana mzazi mwingine duniani.

Kifaa kikakoroma sikioni mwake.

"Sindano. Unanisikia?" Alikuwa Mkuu wa idara.

"Nakusikia."

"Mlenga shabaha yuko ghorofa la mkabala. Dirisha analiona vizuri. Mwalimu akileta ujanja, tunammaliza."

"Hatujathibitisha kama ni yeye."

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama. Usisahau."

Sindano alikuwa amefika darasani. Alisukuma mlango.

Chumba kilinuka lehemu na vumbi lililopata joto. Televisheni za kila umri zilipangwa ukutani, nyembamba za kisasa na zile za kichogo ambazo mtu mmoja habebi. Mezani walikuwepo nesi mmoja, dereva mstaafu, na bwana fulani aliyenyoosha kola yake hadi ungedhani inakata mkate. Wenzake walikwisha kumbatiza jina. Kola.

"Shemeji!" Mwalimu aliachia kicheko. "Leo umeamua kuharibu kucha?"

"Ofisini wamenichosha, shemeji. Nifundishe na mimi nirushe picha."

"Wewe? Wewe ambaye hata balbu unaniita nije nikubadilishie?"

Darasa zima likacheka. Sindano akacheka nao, huku akijichukia.

Kila mtu akapewa kisanduku chake. Ndani mlikuwa na kibao cheupe chenye matundu, chipu moja yenye miguu kama tandu, rezista chache za kupunguza umeme, nyaya, betri, na kebo ya kuchomeka kwenye tundu la njano la televisheni.

"Ukiunganisha sawasawa, ua linatokea kwenye kioo," Mwalimu alisema. "Hakuna uchawi. Chipu inatuma umeme kidogo, televisheni inachora nyeusi. Ikituma mwingi, inachora nyeupe. Visanduku ni vipya, jana nimejaribu kimoja, kinafanya kazi. Sasa nisikilizeni. Waya huu mfupi mweusi unaingia mguu wa mwisho. Wa mwisho! Miaka yote ninayofundisha, kila anayeanza huuweka kwenye mguu wa kabla yake. Na nyinyi mtauweka hukohuko."

"Mimi siuweki," dereva alisema.

"Tutaonana hapahapa, mzee wangu."

Kazi ikaanza. Kwa Sindano, ugumu haukuwa kujua bali kutokujua. Idarani alifundishwa kuunganisha vitu kama hivi gizani, na sasa vidole vyake vilitaka kukunja miguu ya rezista kwa mkupuo mmoja, sawa kwa sawa. Akavilazimisha kubabaika. Aliishika rezista kama mtu aliyeokota mdudu.

Picha ya dereva ilikuwa inateremka kwenye kioo bila kusimama. Alikuwa amebadilisha nafasi za rezista mbili, ya njano na ya kahawia. Nesi hakupata kitu kabisa, kumbe betri bado iko mfukoni mwa koti lake.

Kola hakubabaika. Ua lake lilitokea mara ya kwanza, jeupe, tulivu. Hakulitazama hata kidogo. Alichomoa kebo, akaanza kutia kisanduku kwenye begi.

Sindano akamtupia jicho. Anayeanza gani asiyefurahia ua lake?

Ilibidi amcheleweshe. Akatafuta la kumfanya Mwalimu asimamishe darasa, akachukua waya mweusi na kuuchomeka kwa makusudi kwenye mguu wa kabla ya mwisho. Akaunganisha kebo.

"Shemeji, njoo uone, mimi yangu imekataa!"

Kioo kikameta.

Halikutokea ua.

Ilitokea ramani. Ukuta, lango, mitambo mikubwa ya umeme iliyochorwa kwa mistari myeupe, na misalaba mitatu juu yake.

Mwalimu aliinama. Hakushtuka. Alikunja uso tu, kama fundi anayeona kazi chafu ya mwenzake. "Hiki nini tena? Waya wako umeuweka wapi? Si nilisema mguu wa—"

Kola alikuwa amesimama.

Mkono mmoja ulimkaba Mwalimu shingoni. Mwingine ulishika bastola aina ya Glock.

"Zima hiyo! Zima!"

Nesi akapiga yowe.

"Kuna nini humo?" Mkuu alifoka sikioni. "Mwalimu yuko dirishani. Mlenga shabaha anampata. Anapiga."

"Asipige!"

Sindano alilisema kwa sauti, mbele ya wote. Beretta ilikuwa tayari mkononi. Mwalimu akaitazama bastola, kisha akamtazama aliyeishika.

"Shemeji?"

"Si yeye, Mkuu. Narudia, si mwalimu. Ni aliye nyuma yake."

"Una uhakika, au una undugu?"

Swali lilimchoma. Vyote viwili alikuwa navyo, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake aliogopa kwamba hataweza kuvitenganisha.

"Sikiliza. Ramani imo ndani ya visanduku vyote, imefichwa nyuma ya kosa. Ukikosea waya mweusi, inatokea. Aliyeificha alidhani hakuna mtu atakayeweka waya pale. Hajawahi kufundisha mtu, huyo! Mwalimu anajua kwamba kila anayeanza huuweka palepale, na ametuambia sote hivi punde. Angekuwa yeye, angeificha popote duniani isipokuwa hapo."

Bunduki ya ghorofani haikulia.

"Mna maneno mengi," Kola alisema. Akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, akimburuta Mwalimu.

Kati yao palikuwa na televisheni moja ya kichogo, juu ya meza ya magurudumu.

Sindano akaipiga teke.

Meza ikateleza, ikamgonga Kola gotini kwa uzito wake wote. Akapinda. Mwalimu akaanguka kando.

Sindano akamfyatulia Kola risasi moja. Begani.

Glock ikateleza sakafuni, na dereva mstaafu akaikanyaga kwa nguvu kama anakanyaga breki.

"Mkuu. Yuko chini. Yuko hai."

"Mlenga shabaha ameshusha bunduki." Sauti ya Mkuu ilikuwa imelegea. "Mfadhili tumemnasa kwenye gari lake, injini inawaka. Askari wamekizunguka kituo. Kazi safi, Sindano. Umeokoa taa za mji mzima."

Akakitoa kifaa sikioni.

Vijana wa idara waliingia, wakamfunga Kola, wakakusanya visanduku, wakawatoa nje nesi na dereva. Mwalimu alikuwa amepiga magoti, anaokota rezista zilizomwagika na kuzipanga kwa rangi. 

"Ofisi ya mizigo," alisema bila kuinua uso. "Ndiko ulikomwambia dada yako unakofanya kazi. Amekufa akijua hivyo."

"Ndiyo."

"Hao uliokuwa ukiongea nao walitaka kuniua mimi."

"Ndiyo, shemeji. Nimewazuia."

"Nani aliyewaambia habari zangu hata wakanijua?"

 Taarifa zote kuhusu nyumba ile, nani anaingia, nani anatoka, barua gani ziko mezani, ziliandikwa kwa mkono wa Sindano.

"Jumapili zote ulizokuja nyumbani," Mwalimu alisema polepole. "Ulikuja kumwona mtoto, au kunichunguza mimi?"

Uongo alikuwa nao tayari, mzuri, wa kumtuliza mtu. Ulikataa kutoka.

"Mwanzoni, mtoto."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea habari za msiba aliokwisha kuutarajia.

"Akirudi kutoka shule atakuulizia."

"Mwambie mama mdogo amesafiri."

"Mimi simdanganyi mwanangu. Hiyo ni kazi yako."

Sindano akavaa miwani yake ya jua. Akafunga mkoba, akatoka kwa mwendo wake uleule wa taratibu, akawapita vijana wa idara waliompigia saluti. Barabarani watu walimpisha, wakidhani ni mama wa ofisini anayewahi kazini. Hakugeuka nyuma.