Jicho la Pili la Daruma

Baada ya chakula cha mchana, shule nzima ya Sawanuma, nchini Japani, hushika matambara. Hakuna mfagizi aliyeajiriwa. Wafagizi ni wanafunzi wenyewe, na walimu wao hupiga magoti pamoja nao. Jumatatu ile ya Februari, theluji ikiwa imepanda hadi usawa wa madirisha, Chisato wa darasa la tano alikuwa akisukuma tambara lake sakafuni, kichwa chini, huku Daigo akimfukuzia kwa nyuma apate kumpita. Siku nyingine wangeshindana mpaka wagongane. Lakini leo, kila alipofika mbele ya darasa, Chisato alisimama na kumtazama Daruma.

Daruma huyo alikuwa wa Mwalimu Munakata. Ni sanamu nyekundu ya karatasi ngumu, ya mviringo, isiyo na mikono wala miguu, na huuzwa ikiwa na macho meupe matupu. Mtu akiweka nia humchora jicho moja. Nia ikitimia, humchora la pili. Muhula ulipoanza, wanafunzi walibandika malengo yao kwenye ukuta wa nyuma. Chisato aliandika kwamba ataamka bila kuvutwa blanketi. Daigo aliandika kwamba atakula pilipili hoho badala ya kuzificha ndani ya soksi. Mwalimu hakubandika chochote. Alimweka Daruma juu ya kabati kando ya ubao, akamchora jicho moja mbele yao.

"Lengo langu linahusu hivi vishikwambi vyenu," alisema. "Mengine mtayajua siku nitakapochora la pili."

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mwalimu Munakata alikuwa mtu wa chaki tangu ujana wake. Vishikwambi vilipogawiwa mwaka uliopita, alikishika cha kwake kwa vidole viwili kama aliyeokota panya mfu, na kukiwasha tu ilibidi Daigo amsaidie. Sasa ghafla alikuwa haachani nacho. Kutwa nzima kilisimama juu ya kabati, kimeegemea ukuta nyuma ya Daruma, ukingo wake wa juu ukichungulia. Wanafunzi wakienda nyumbani, yeye alibaki darasani, pazia limefungwa, akizungumza kwa sauti ya chini. Kuzungumza na nani? Hakuna aliyejua.

Halafu likaja jambo la Daigo. Mwalimu alikuwa ameitwa ofisini, na huyo Daigo asiyetulia akasimama mbele ya darasa, akaushika mgongo, akatembea kama Mwalimu mpaka watu wakashika mbavu. Mwalimu aliporudi aliwakuta wote wameinamia vitabu, watulivu kupindukia. Akafungua kitabu chake na kusema, bila hata kuinua uso, "Daigo, kiuno changu hakijapinda kiasi hicho." Daigo alitafuta msaliti darasa zima, na kila mtu aliapa kwamba si yeye.

"Anatuchungulia," Chisato alimnong'oneza Daigo, wakikamua matambara kwenye ndoo.

"Kwa kutumia nini?"

"Huyo Daruma. Lile jicho lake jeupe lina kamera."

"Wewe nawe. Ile ni karatasi tupu." Daigo alimkazia macho. "Umeiona kwa macho yako, au unatunga?"

Chisato angeweza kusema kwamba anahisi tu. Lakini nani husikiliza mtu anayehisi? "Nimeiona," alisema. "Kuna taa ndogo ya kijani humo ndani."

Hakuwa ameona taa wala kivuli cha taa. Hata hivyo, kabla ya kengele ya mwisho kulia, wapo waliokuwa wakisema kwamba wao pia wameiona, na msichana mmoja aliongeza kwamba usiku huwakawaka. Kesho yake kila mtu alibandika karatasi juu ya kamera ya kishikwambi chake. Mikono ya kujibu maswali ilipungua. Chakula kililiwa kimyakimya, watu wakilipa kabati kisogo, na supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, siku hiyo haikuwa na ladha kwa mtu yeyote. Jumatano, wakati wa usafi, Daigo alitupa tambara kubwa juu ya Daruma, likamfunika yeye pamoja na kishikwambi kilichokuwa nyuma yake.

"Atuchungulie sasa," alisema, na wote wakacheka.

Mwalimu Munakata alipoingia na kuliona lile tambara, uso wake ulibadilika. Aliliondoa taratibu, akakitazama kishikwambi kwa muda, kisha akafundisha hesabu kwa sauti isiyo yake. Chisato aliliona hilo. Kwa nini aumie hivyo kama hana anachoficha?

Nyumbani mambo yalizidi kuwa mazito. Mama yake Chisato, aliyefanya kazi kwenye duka la dawa, alikuwa amekwisha kusikia habari hizo kwa wateja.

"Chisato, njoo hapa. Eti mwalimu wenu ameweka kamera ndani ya Daruma?"

"Watu wanasema hivyo, Mama."

"Watu wanasema wewe ndiye uliyeona taa. Uliona?"

Chisato alichezea vijiti vyake vya kulia. "Niliona."

"Lisemwalo lipo," Mama alisema, akiweka bakuli chini. "Ijumaa kuna mkutano wa wazazi. Nitasimama nimuulize mbele ya kila mtu. Kama ni kweli, hafai kufundisha watoto wa watu."

Usiku huo Chisato hakupata usingizi. Kama kamera ipo, sawa. Je, kama haipo? Mama atasimama mbele ya wazazi wote na uongo wa binti yake mdomoni, na Mwalimu atafukuzwa kwa jambo ambalo hajalifanya. Akaamua kwamba lazima amkague yule Daruma mwenyewe kabla ya Ijumaa.

Alhamisi jioni alimwona Mwalimu akielekea ofisini. Akavua viatu vya nje, akaingia darasani na soksi, hata viatu vya ndani hakuvaa. Pazia lilikuwa limefungwa. Alipanda juu ya kiti na kumnyanyua Daruma. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Akamgonga mgongoni, akamtikisa, akalisugua lile jicho jeupe kwa kidole. Rangi tupu.

Alipotaka kumrudisha, aliona kitu kingine. Kwenye ukingo wa kishikwambi, nukta ndogo ya kijani ilikuwa ikiwaka. Halafu kishikwambi kikasema.

"Chisato? Kwa nini mlinifunika?"

Aliijua sauti ile. Ilikuwa ya Fuyumi, jirani yake, ambaye tangu vuli alikuwa hatoki nyumbani. Si kwamba alikuwa na homa. Kila akifika kwenye lango la shule tumbo lilimkata na pumzi zikamwishia. Mwanzoni Chisato alikuwa akimpelekea kazi za shule. Baadaye aliacha, na darasa zima lilikuwa limezoea kiti kitupu.

"Ulikuwa unatuona?" Chisato aliuliza.

"Kila siku. Mwalimu alisema nianze kwa kutazama tu, nikizoea nitazungumza. Nilikuwa nimeanza kuzoea. Nilimcheka sana Daigo siku ile, ndipo Mwalimu akaniuliza kulikuwa na nini. Halafu mkaanza kunipa visogo. Halafu mkanifunika. Nikajua hamnitaki."

"Hatukujua kama ni wewe."

"Basi mlidhani ni nani?"

Mlango ulifunguka, akaingia Mwalimu Munakata na kikombe cha chai mkononi. Alimtazama mtoto juu ya kiti, Daruma kifuani, soksi zimelowa. Hakumkaripia.

"Shuka kwanza, usije ukaanguka," alisema.

Chisato alishuka, akainama mpaka kichwa kikakaribia magoti. "Mwalimu, mimi ndiye niliyesema nimeona kamera kwenye jicho la Daruma. Sikuona kitu. Nilitunga. Na Mama atakuuliza kesho mbele ya watu." Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke.

Mwalimu aliketi kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakimgonga kwenye meza. "Kumbe ndiyo maana. Mimi nilidhani mmechoshwa na uzee wangu."

"Lakini taa ya kijani ipo kweli," Chisato alisema. "Iko kwenye kishikwambi."

"Ulibahatisha, na kubahatisha siyo kuona." Alipuliza chai yake. "Ila na mimi nina langu. Mkuu wa shule alijua, wazazi wa Fuyumi walijua, ninyi hamkujua. Niliwaacha mtazamwe bila kuwauliza, eti kwa sababu nia yangu ni njema. Fuyumi, unakubali tuwaambie wenzako?"

"Chisato awaambie," Fuyumi alisema. "Yeye ndiye aliyeanza."

Usiku ule Chisato alimwambia Mama kila kitu. Mama alikasirika, tena sana, na chakula kikapoa mezani. Hata hivyo, asubuhi alimvuta blanketi taratibu kuliko siku zote na kumwambia, "Nenda ukayamalize. Yangu nitayamaliza jioni mkutanoni."

Chisato alisimama mbele ya darasa. Aliyasema yote, na hakuitaja midomo ya watu wengine, wake tu. Kisha Mwalimu akasimama kando yake, akawainamia wanafunzi wake na kuwaomba radhi. Jambo hilo walikuwa hawajawahi kuliona.

"Nia yangu ilikuwa nijifunze kifaa hiki ninachokiogopa, ili mwenzenu arudi darasani kwa njia anayoiweza," alisema. "Kushuku siyo dhambi. Ukiwa na shaka, njoo uulize. Usilijaze pengo kwa uongo, kwa sababu uongo humfikia hata mtu ambaye hukumlenga. Na sisi wakubwa tusifanye jema kwa njia za kificho, maana mnaotuona hamwezi kulitofautisha na baya. Sasa nauliza, kama nilivyopaswa kuuliza Januari. Fuyumi awe nasi?"

Mikono yote ilinyanyuka. Daigo alinyanyua miwili. Mmoja mmoja wakabandua karatasi kwenye kamera zao, na kishikwambi cha Mwalimu kikawekwa juu ya meza ya Fuyumi, uso wake ukionekana na kila mtu.

"Fuyumi," Daigo aliuliza, "siku ile nilimwigiza vizuri au vibaya?"

Fuyumi alifikiri kwanza. "Uliinama mno," alisema.

Darasa zima lilicheka, na Mwalimu Munakata naye akacheka huku amejishika kiuno. Kisha akachovya brashi kwenye wino na kumkabidhi Chisato. Chisato alilichora jicho la pili, likatoka kubwa kuliko la kwanza. Mwalimu alilitazama, akasema liachwe hivyo hivyo.