Mama Aliyekanwa Kagunga

"Bukuru! Bukuru, mwana wanje!"

Mwanamke alipasua umati wa watu pale ufukweni Kagunga, akaja mbio, miguu peku juu ya kokoto, kitenge kimemlegea kiunoni. Kabla hatujajua nini kinatokea, alikuwa amemshika mchumba wangu Feliksi mashavu yote mawili.

"Bukuru, ni wewe! Umechukua sura yote ya baba yako!"

Feliksi alikuwa na katoni ya sabuni begani. Aliiteremsha taratibu, akaitoa mikono ya yule mama usoni kwake, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, umenifananisha. Mimi naitwa Feliksi. Ni Muha wa Kasulu."

"Bukuru..."

"Simfahamu huyu mama," aliwaambia wenzetu wa kanisani, sauti imempanda. "Mbona mnanitazama hivyo? Nimesema simfahamu!"

Yule mama alimtazama. Akanitazama mimi, niliyekuwa nimemshika Feliksi mkono. Akaitazama pete kidoleni mwangu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mnisamehe, wanangu. Macho yangu yamechoka. Njia ilikuwa ndefu."

Akageuka, akapotea katikati ya watu.

Naitwa Aikande. Ni muuguzi, kwetu ni Machame, serikali ilinipangia kazi Kigoma mwaka 2012. Hayo yalitokea Mei 2015, Warundi walipokuwa wakikimbia kwao kwa maelfu na kurundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, wakisubiri meli iwapeleke Kigoma mjini. Mchungaji wetu Leonardi alikusanya vijana kumi na wawili wa kanisa, tukapanda boti na sabuni, unga wa uji na nguo.

"Hatuendi kugawa vitu na kupiga picha," alituambia kabla hatujaondoka. "Kila mmoja atakaa chini na familia moja, aisikilize. Tunakwenda kufundishwa."

Feliksi alikuwa mwenyekiti wetu wa vijana. Mwalimu wa shule ya msingi, mpole, anaimba sauti ya tatu. Harusi yetu ilikuwa imebaki wiki tano.

Mimi nilipelekwa kwenye hema la wagonjwa wa kipindupindu, wauguzi walikuwa wamezidiwa. Saa sita mchana wakaniletea mgonjwa mpya, amebebwa kwenye turubai. Alikuwa yule mama.

"Shikamoo, mama. Unaitwa nani?"

"Marahaba, binti yangu. Dorotea. Natoka Rumonge."

"Umeanza kuharisha lini?"

"Jana, njiani." Nilipokuwa nikitafuta mshipa wa kumwekea dripu, akaniuliza polepole, "Yule kijana... ni mume wako?"

"Ni mchumba wangu."

"Anakutunza?"

"Ananitunza sana, mama."

"Anakula vizuri?"

"Anakula."

Nikadhani amesinzia. Kisha akauliza, macho yamefumbwa:

"Bado anaogopa radi?"

Feliksi, mwanaume wa miaka ishirini na saba, radi ikipiga alikuwa anaacha chakula mezani na kwenda kukaa chini, mgongo ukutani, mikono masikioni. Nilikuwa nikimcheka. Hakuna mtu aliyelijua hilo isipokuwa mimi.

"Mama," nilisema, "yule ni mwanao."

"Hapana. Nimekwambia macho yangu yamechoka."

"Mama Dorotea..."

"Binti, kama amejipatia maisha, mimi nitoke na tope langu nimchafulie?" Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni. "Nimemwona. Ni mzima. Ana mke. Inanitosha."

Nilinawa mikono kwa maji ya klorini, nikatoka. Nilimkuta Feliksi nyuma ya ghala la samaki, amekaa peke yake.

"Yule ni mama yako?"

Aligeuza uso ziwani.

"Feliksi, nakuuliza. Yule ni mama yako?"

"Ndiyo."

Nilitamani aseme hapana. Nadhani ningeamini, hata baada ya ile radi.

"Niliambiwa walikufa," alisema. "Mwaka 1996, nina miaka minane, mapigano yalipofika mtaani kwetu, jirani alikuwa na mtumbwi. Nafasi ilibaki moja. Mama akanitia mimi. Yeye akabaki na pacha wangu, Butoyi, alikuwa na homa. Huku nikachukuliwa na Mzee Martini wa Kasulu, akaniandikisha kama mtoto wake wa kumzaa. Shule, kazi, kila karatasi niliyonayo inasema mimi ni Mtanzania."

"Na leo ulipoisikia sauti yake?"

"Niliijua kabla hajanigusa."

"Ukamkana."

"Nikamkana." Akaniinulia uso. "Sasa na mimi nikuulize, Aika. Mwezi uliopita, jikoni kwako, ulisema nini kuhusu Warundi?"

Nilikumbuka. Kaka yangu alikuwa amepiga simu kutoka Moshi, nimeweka spika. Alisema, "Angalia usije ukaolewa na mkimbizi huko." Mimi nikacheka. Nikajibu, "Hawa warudishwe kwao tu, wanatuletea magonjwa." Feliksi alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya.

"Nilikuwa natania."

"Nilijua unatania. Siku hiyo nilikuwa nimekuja kukwambia."

Nilikaa chini kando yake, juu ya mawe.

"Nisamehe," nilisema mwishowe. "Lakini ya kwangu tutayazungumza baadaye. Mama yako ana kipindupindu. Twende sasa hivi."

"Amewekewa dripu?"

"Amewekewa. Lakini amechelewa kufika, Feliksi."

"Kesho asubuhi."

"Kwa nini kesho?"

"Kwa sababu nikiingia pale, nakuwa mtu mwingine! Kazi inakwisha, harusi inakwisha, Mzee Martini anaitwa polisi kwa kudanganya. Nipe leo tu nijipange. Kesho asubuhi naenda mbele ya watu wote. Naapa mbele za Mungu."

Ningeweza kumvuta shati. Ningeweza kumwita mchungaji. Sikufanya hivyo, kwa kuwa nami nilikuwa naiwaza ile harusi, na mwaka hata mwaka hilo ndilo linalonirudia. Nilirudi hemani peke yangu, nikainama sikioni kwa mgonjwa.

"Mama, kesho asubuhi anakuja."

Alifumbua macho yote.

"Amesema mwenyewe? Hukumlazimisha?"

"Amesema mwenyewe."

"Basi nitafutie maji, ninawe uso." Akatabasamu, midomo imemkauka. "Na kitenge kingine kama mnacho. Hiki kinanuka."

Nilimnawisha. Nilimpa kitenge changu mwenyewe. Alinisimulia kwamba Butoyi alifariki siku tatu baada ya ule mtumbwi kuondoka, na kwamba tangu hapo kila mtu aliyetoka Tanzania alimwuliza kama amewahi kumwona mtoto anayeitwa Bukuru.

Alifariki saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nimemshika mkono na sikujua ni dakika gani hasa.

Saa moja asubuhi Feliksi alikuja. Amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe alilolileta kwa ajili ya ibada ya Jumapili. Nyuma yake alikuwa mchungaji Leonardi, maana Feliksi alikuwa ameshamwambia yote. Nilimwona tangu mbali, nikatoka kumzuia mlangoni.

"Nimekuja," alisema. "Amelala upande gani?"

"Feliksi."

"Aika, amelala upande gani?"

Nikatikisa kichwa. Alinitazama kama mtu asiyejua Kiswahili. Kisha akaona vijana wa afya wakitoka upande wa pili na machela, mwili umefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, wananyunyizia dawa.

"Nifungulieni nimwone."

"Hairuhusiwi. Ni kipindupindu."

"Basi nimguse tu. Hapo juu ya mfuko."

"Huwezi kumgusa," nilisema. Mimi ndiye niliyelisema neno hilo. Ilikuwa kazi yangu.

Alipiga magoti kwenye matope, na shati lake jeupe, akalia kwa lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiisema. "Mawe! Mawe we!" Mama, mama yangu. Wenzetu wa kanisani walikuwa wamefika. Hakuna aliyethubutu kumshika.

Ofisa mmoja alikuja na daftari. "Marehemu ana ndugu hapa?"

Akasubiri na kalamu mkononi.

"Kama hana, tuandike hana."

"Anaye," Feliksi alisema, akainuka. "Andika Bukuru. Mtoto wake. Mkimbizi wa mwaka tisini na sita."

Yule ofisa alimtazama, akaitazama fulana ya kanisa aliyoivaa mchungaji, akaandika.

Tulirudi Kigoma. Jioni ile ile nilimpigia baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako vipi?"

Nikamweleza yote. Nilipomaliza akavuta pumzi ndefu.

"Aikande, nimeshauambia ukoo mzima kwamba unaolewa na mwalimu wa Kasulu."

"Ni mwalimu yule yule, baba."

"Siyo yule yule. Amenidanganya jina, amedanganya kabila, amemkana aliyemzaa. Kesho atakukana wewe. Harusi hiyo haipo."

"Nitaolewa naye, baba."

"Basi utaolewa bila mimi."

Simu ikakatika. Sijawahi kumkosea baba yangu heshima kabla ya siku ile, lakini nililala nikiwa nimeshaamua.

Siku tatu zikapita, Feliksi hapokei simu. Ya nne ukaingia ujumbe:

"Aika, kesho naondoka na mabasi ya wakimbizi, pale uwanja wa mpira, kwenda kambi ya Nyarugusu. Kazi nimeiacha, karatasi nimezirudisha, nimesema Mzee Martini hana kosa. Wamenisajili kwa jina langu. Usije."

Nilikwenda. Nilimkuta kwenye mstari, ana begi moja, amekonda uso.

"Mimi nimeshamwambia baba," nilisema. "Nitakusubiri. Au nitakuja huko huko, hata kambini wanahitaji wauguzi."

"Usifanye hivyo."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda, Aika. Ndiyo maana." Alinishika vidole, akaviachia. "Kila nikikuona nasikia sauti yangu ikisema simfahamu. Nitaishi na wewe, utanipikia, utanizalia, na kila siku nitajiuliza kama nilimkana mama kwa sababu yako. Si kosa lako. Lakini nitajiuliza."

"Nimekuomba msamaha."

"Nimekusamehe. Mimi ndiye nimeshindwa kujisamehe."

Nilitaka kumwambia kwamba nami ningejiuliza, kila akichelewa kurudi nyumbani, kila akitetereka mbele ya watu, kama siku moja atanitoa mikono usoni kwake vile vile. Sikumwambia. Nadhani alilisoma machoni mwangu.

Nilivua pete, nikampa. Akaitia mfukoni bila kuitazama. Jina lake likaitwa, "Bukuru!", akaitika mara moja, akapanda. Nilisimama pale mpaka basi la mwisho likatoka, vumbi likatulia.

Wiki mbili baadaye mchungaji Leonardi alitangaza safari nyingine ya Kagunga.

"Dada Aikande, wewe pumzika safari hii."

"Nakwenda, mchungaji."

Nilipewa familia ya wanawake watatu, walikuwa wamekaa kwenye mkeka chini ya turubai. Nilisimama mbele yao na beseni la nguo, fulana yangu safi. Mkubwa wao alinitazama juu hadi chini.

"Karibu. Wewe una mume?"

"Nilikuwa na mchumba."

"Ni mtu wa wapi?"

Wenzangu wa kanisani walikuwa karibu, wanasikia. Niliweka beseni chini.

"Ni Mrundi wa Rumonge," nilisema. "Ni mkimbizi. Yuko Nyarugusu, na mimi bado nampenda."

Yule mama alisogeza miguu yake, akapangusa mchanga kwenye mkeka kwa kiganja, akanipa nafasi ya kukaa.