Mashine Iliyosema Pole

Kipigapasi kilikuwa na mikono minne: miwili ya kutandaza nguo, mmoja wa kunyunyiza maji, na mmoja wa pasi. Kanzu iliingia imejikunja, ikatoka imenyooka kabla mteja hajamaliza kusalimia. Wauzaji walimwapia Bi Mashavu kwamba ndani yake mna akili mnemba tupu, hamna binadamu. Bi Mashavu, dobi wa Dodoma aliyekwisha kuuziwa mbuzi kwenye gunia zaidi ya mara moja, aliitikia kwa mdomo tu.

Alikuwa na sababu ya kushuku. Zama hizo mtu aliweza kukaa nchi nyingine, akavaa glavu za mawimbi, na mikono ya mashine huku ikafuata mikono yake. Glavu zilileta vibarua wa bei rahisi wasio na kibali, na serikali haikuhangaika na kibarua, ilimwandama mwajiri. Ukikutwa naye, duka linafungwa na leseni huipati tena maisha. Kusema hukujua hakukukuokoa.

Asubuhi moja mvuke ulimchoma Bi Mashavu kidole. Hakulia, hata kuguna hakuguna.

“Pole, mama,” kipigapasi kikasema.

Bi Mashavu akafunga mlango.

“Wewe ni nani?”

Pasi ikasimama. “Naitwa Esperanse, mama. Niko ng'ambo ya ziwa. Walionivisha glavu walinikataza kusema.”

“Na kibali?”

“Sina.”

Hasira zikampanda, kisha hofu ikazishusha. Kumshtaki ni kujishtaki mwenyewe, na duka hilo ndilo lililomlisha tangu afiwe na mumewe.

“Sikiliza, mwanangu. Kuanzia leo wewe ni mashine. Hata nikianguka hapa nikafa, usinipe pole.”

“Nimesikia, mama.”

Kesho yake fundi wa wauzaji akaja kukisafisha kipigapasi, bila kuitwa. Keshokutwa yake akaja Mkaguzi Luhende wa serikali, mcheshi kupita kiasi, na ucheshi wenyewe ukamtia Bi Mashavu wasiwasi. Aliuliza habari za wajukuu, akasifia kanzu, kisha, huku akicheka, akaipiga kwa kiwiko birika iliyokuwa mezani. Maji ya moto yakamwagikia Bi Mashavu mkononi. Akapiga yowe. Mkaguzi hakumtazama, macho yake yalikuwa kwenye kipigapasi. Pasi ilikwenda na kurudi, haikutetereka.

“Samahani, bibi. Binadamu angeshtuka,” akasema, akabandika kibali cha ukaguzi mlangoni. “Hii ni mashine halisi.”

Alipotokomea, Bi Mashavu akashusha pumzi. Duka limepona.

“Esperanse, ameondoka. Sema sasa.”

“Mzigo unaofuata,” ikajibu sauti isiyo na hisia.

Akamkumbuka yule fundi. Pengine walimwondoa binti na kuweka programu. Pengine yumo, anatii alivyoagizwa. Wa kumuuliza hakuwapo, maana kuuliza kungemfunga yeye mwenyewe. Mkono ulimuuma, na tangu aungue hakuna aliyempa pole. Ikamchoma zaidi kujua kwamba pole hiyo aliikataza kwa kinywa chake.

Akasogea karibu, akakigusisha kidole kwenye pasi, akasubiri.

Mkono mmoja wa kutandaza ukakiondoa kidole taratibu, kama unavyoondoa uzi kwenye nguo, kisha kipigapasi kikaendelea na kanzu.