Mwenzetu Mwenye Shuka la Majivu

Umewahi kubonyeza "Ndiyo" bila kusoma unachokikubali? Usinidanganye. Sote tumebonyeza. Ila dada mmoja alikuwa anabonyeza kwa kazi.

Pale studio walimwita Digrii, kwa kumcheka. Alikuwa na shahada ya kemia, daraja la kwanza, na miaka minne ya kutembeza bahasha kwenye maofisi. Mwisho akapata nafasi ya "kujitolea" kujaribu gemu za kompyuta, maana bosi alimwambia, "Hapa sisi ni family, utapata experience." Experience! Ingekuwa inalika, vijana wa nchi hii tungekuwa tumeshavimbiwa.

Gemu lenyewe lilikuwa mwendelezo. Katika lile la kwanza Birika alitoka jikoni kumtafuta kifuniko wake mtoro. Katika hili la pili kifuniko kapatikana, lakini mbingu imechanika, na Birika anazunguka na wenzake wawili, Konokono mpiga tarumbeta na Soksi asiye na pacha, kukusanya vifungo vya kuishonea. Maadui hawauawi, wanatekenywa kwa zamu mpaka wacheke wakimbie. Kila unayekutana naye njiani anauliza swali, unajibu, safari inaendelea. Utamu mtupu.

Sasa, mjaribu hachezi. Mjaribu anapita njia ileile mara mia mbili kutafuta kasoro. Maswali hayasomi. Kidole kinagonga Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo, kama kuku anayedonoa punje.

Jumatatu asubuhi akaona kasoro ndogo. Wahusika watatu, vivuli vinne.

"Kaka, hebu njoo uone," akamwita Fundi, jamaa aliyechora gemu hilo na kuandika programu yake.

Fundi akaja na kikombe mkononi. "Hicho kivuli cha nani?"

"Nakuuliza wewe unayechora."

"Mimi sijakichora. Andika kwenye orodha ya kasoro, dada. Ukitaka kunitisha, subiri nimalize chai."

Mchana kivuli kikapata mwili: kitu kirefu, kimejifunika shuka la rangi ya majivu, hakina uso, kimesimama nyuma ya Soksi. Jina lake kwenye skrini: Mwenzetu. Harufu ya nywele zinazoungua ikaanza kutoka kwenye kompyuta. Digrii akaigusa. Baridi kama mtungi.

Jioni akampigia mama yake. Alikuwa na habari njema: Alhamisi ana usaili, usaili wa kweli, maabara ya kupima maji. Akafungua kinywa aseme "mama". Midomo ikakutana, hewa ikapita, neno halikutoka.

"Haloo? We mtoto, una nini?"

"Mafua," akajibu, akakata simu.

Jumanne Mwenzetu akatoa sauti kwa mara ya kwanza. Alisema, "Mama." Kwa sauti ya Digrii.

"Ulirekodi lini?" Fundi akanong'ona.

"Sijarekodi."

"Basi zima."

"Nimezima, kaka. Waya huu hapa mkononi."

Kufikia Jumatano alibakiwa na maneno machache ya kunong'ona, na kila neno lililomtoka halikurudi, likasikika upande wa pili wa kioo likisemwa taratibu na kile kitu cha shuka, ambacho sasa hakikusubiri kuguswa bali kiligeuka chenyewe kumfuata kila alikosogeza kiti, huku jua la saa sita limejaa chumba kizima na wafanyakazi kumi na wawili wameziba masikio kwa hedifoni, wanachapa tu, wala hakuna aliyeinua kichwa hata ile harufu ya nywele ilipowawasha pua.

Fundi akamleta shangazi yake, mganga. Bibi yule hakujua gemu ni nini, ila majini alikuwa anayajua. Akavuta kiti, akakikazia macho kioo.

"Kwa nini umemwibia mtoto wa watu?"

"Sikuiba," likajibu, kwa sauti ileile ya Digrii, safi, ya upole. "Niliuliza. Akakubali."

Fundi akafungua kumbukumbu za Jumatatu. Saa tatu na dakika kumi, Mwenzetu: "Je, utanipa sauti yako?" Jibu: Ndiyo.

"Jini mwenye ahadi hafukuzwi kwa kelele," shangazi akasema. "Binti arudi palepale alipoulizwa, akatae. Litaachia. Si ndivyo?"

"Ndivyo," likasema.

Wakarudi palepale. Swali likatokea: "Bado unanipa?" Chini yake vitufe viwili. "Ndiyo." Na "Ndiyo kabisa!"

Fundi akashika kichwa. Bosi ndiye aliyeamuru "Hapana" ing'olewe gemu zima, eti inawavunja moyo wachezaji. Na gemu lilishafungwa tayari kwa kutolewa, bila idhini yake hakuna badiliko linaloingia. Akakimbia ofisini kwake, shangazi nyuma yake.

"Kitufe kimoja tu, bosi. Mtu anapotea."

"Ile sauti wachezaji wa majaribio wameipenda sana. Gemu linatoka kesho kutwa. Hatugusi kitu. Mwenye kinyongo aandike barua."

Shangazi akamtazama toka utosi hadi kiatu. "Kumbe wa kupungwa ni huyu."

Alhamisi waliomsaili Digrii walimwambia, "Jitambulishe." Akafungua kinywa. Hewa. Akaomba kalamu, akaandika. Wakasoma, wakatazamana, wakamshukuru kwa kuja. Eti walihitaji mtu anayeweza kuwasiliana.

Ijumaa gemu likatoka, kwenye kompyuta na kwenye simu.

Siku hizi mama yake anakaa sebuleni na simu mkononi. Digrii yuko pembeni yake, mzima, anamenya viazi, bubu. Mama anamtembeza Birika polepole, kidole kizito, mpaka kwenye daraja la vifungo, pale Mwenzetu anaposimama, ili asikie mara moja tena, "Mama." Jana lile jini lilimwita, halafu likamuuliza kwa sauti ya mwanawe, "Je, na wewe utanipa yako?"

Digrii akamshika mkono. Mama akauliza, "Sasa nikatae wapi, mwanangu?" Wakaketi hivyo mpaka betri ikaisha.

Nyinyi wenye studio, mliokaa na funguo za gemu, sitaki pole yenu wala experience yenu. Simu imeshachajiwa, na mama huyu anamkumbuka mwanawe kila saa. Wekeni Hapana. Leo.