Kicheko cha Mwaka 1928

Jumamosi hiyo ya mwaka 1974, soko la vitu vikuukuu la mji wa Roanoke, Marekani, lilikuwa limefurika. Delphia Akers, ndani ya gauni la maua ya njano, alizamisha mkono kwenye sanduku la santuri kuukuu akashika moja ya mwaka 1928. Papo hapo ikashikwa na mkono mwingine, mnene, wenye grisi.

"Dada, iachie. Anayepiga fidla humo ni babu yangu."

"Na mimi kazi yangu ni kuzitoa upya santuri kama hizi. Vuta, babu yako abaki vipande viwili!"

Mwenye mkono, fundi bomba Garnet Sowers, akaangua kicheko. Aliinunua yeye, kisha akamwazima Delphia, pamoja na namba yake ya simu.

Wiki ya kwanza walizungumza habari za marehemu babu Posey na bendi yake. Kufikia wiki ya tatu, babu hatajwi tena.

"Umekula, laazizi?" Delphia aliuliza kwenye simu.

"Maharage na mkate wa mahindi. Kilichopungua ni wewe tu."

Santuri mpya ikatoka. Katika kijitabu kilichoambatana nayo Delphia aliandika: "Mwishoni anasikika mwanamke asiyejulikana akicheka."

Asubuhi iliyofuata simu ikalia. Alikuwa Garnet.

"Mwanamke gani huyo, Delphia? Babu alikuwa ameshamchumbia bibi! Shangazi zangu wamelia mpaka leso zimewaishia. Bibi tumemficha habari hii. Usinipigie tena!"

Delphia alipiga mara nne, hakupokelewa. Siku ya tano alivaa koti lake jekundu, akabeba gramafoni na santuri mpaka kwa bibi mwenyewe, Icy, amuulize kama anakijua kicheko kile. Je, akimvunja moyo mjane wa watu?

Alimkuta Garnet jikoni kwa bibi, kichwa chini ya sinki, akitengeneza bomba.

"Usiiweke!" Garnet alifoka, akajigonga ngo!

"Mwache," bibi akasema. "Weka, mwanangu."

Fidla ikaruka, banjo ikaifukuza. Kisha kile kicheko. Bibi Icy akaziba mdomo, machozi yakamtoka.

"Umeona ulichofanya?" Garnet akamgeukia Delphia.

"Nyamaza wewe! Huyo ni mimi."

"Wewe, bibi?"

"Nilimdanganya mama kwamba naenda mkutano wa kanisa, nikapanda treni na Posey mpaka walikorekodi. Basi akipiga fidla alikunja uso kama aliyetafuna ndimu. Ningejizuiaje? Hebu irudie, mwanangu."

Garnet akasimama, nundu usoni, hajui aweke wapi mikono.

"Nisamehe, kipenzi. Nilikurukia bure."

"Vijitabu mia tano vinasubiri kusahihishwa kwa kalamu. Utaviandika wewe."

"Nitaviandika vyote. Nikimaliza, utakubali nikuoe?"

Delphia akajifanya anafikiri.

"Mjibu upesi," bibi akasema, akinyanyua miguu juu ya kiti. "Huyu bwege ameacha bomba wazi."

Delphia akajibu ndiyo, maji yakimfika visiginoni.