Mwenye Nusu ya Gazeti

Kiti kilikuwa na joto. Mhariri alikuwa ameingia chumba cha nyuma asubuhi kutafuta mahali pa kuweka marobota ya karatasi, akaketi kidogo avute pumzi, akanyanyuka upesi kama aliyekalia mapaja ya mtu. Lilikuwa joto la mahali ambapo mtu ameondoka sasa hivi. Lakini chumba kile hakikuwa na mtu tangu mtambo wa zamani wa kuchapia ulipouzwa kama chuma chakavu. Dirisha lake lilipigwa misumari, na ufunguo wa mlango ulikuwa mkobani mwake.

Alimkuta kaka yake, meneja wa gazeti, mezani kwake.

"Kaka, nani alikuwa chumba cha nyuma?"

"Mshirika, nadhani. Si nilikwambia amekiomba kile chumba?"

"Ameingilia wapi?"

"Mdogo wangu, mtu ametuokoa, wewe unauliza ameingilia wapi."

Na kweli walikuwa wameokolewa. Gazeti hilo la kila siku, la mkoa mzima, lilianzishwa na marehemu baba yao, aliyelisambaza mwenyewe kwa baiskeli miaka ya mwanzo. Aliwaachia wote wawili kwa pamoja, na pamoja nalo akawaachia jina. Watu wakibishana, mmoja akisema "nimelisoma gazetini," ubishi ulikwisha. Utani wa mjini ulikuwa kwamba gazeti lile haliandiki kuwa mvua imenyesha mpaka mashahidi wawili walowane. Lakini jina halinunui karatasi. Matangazo yalihamia kwenye simu za watu, mishahara ikachelewa, na kiwanda cha uchapaji kikatuma ujumbe kwamba safari hii hakitaki ahadi, kinataka fedha.

Hapo ndipo kaka alipompata Mshirika. Walikutana hotelini, kwenye meza ya pembeni. Mtu yule alikubali kununua nusu ya gazeti, na hakutaka faida. Alitaka vitu viwili tu, alivyoviandika kwenye karatasi: chumba cha nyuma, na safu fupi ukurasa wa tatu, ambayo angeijaza mwenyewe.

"Ni mtu wa namna gani?" mhariri alimwuliza kaka yake siku ile ya kutia sahihi.

Kaka alifikiri, akakunja uso. "Sura yake hainijii vizuri. Hakuzungumza. Ni mtu wa kusikiliza."

Mhariri alitia sahihi. Wafanyakazi walikuwa wanakopa nauli, angefanya nini?

Safu iliitwa "Tumesikia." Msanifu wa kurasa, kijana mnene ambaye ofisi nzima ilimwita Miwani, alikuwa akiacha nafasi tupu ukurasa wa tatu kama alivyoagizwa, anakwenda kunawa uso, na akirudi anakuta imejaa. Mwanzoni alidhani meneja ndiye anayeijaza. Meneja alidhani ni Miwani.

Habari zenyewe zilikuwa ndogo. Kwamba mwoka mikate fulani amemwambia mkewe wapunguze uzito wa mkate, hakuna atakayejua. Kwamba diwani fulani, akiwa bafuni, alifanya mazoezi ya kulia kabla ya kwenda msibani. Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Waliotajwa hawakushtaki, kwa sababu maneno yalikuwa yale yale waliyoyasema, neno kwa neno, hata kikohozi cha katikati.

Gazeti likawa linakwisha kabla ya chai ya asubuhi. Matangazo yakarudi. Mishahara ikalipwa, kaka akanunua suti mpya, na Miwani akaacha kuuliza. Ni mhariri peke yake aliyekosa utulivu. Akipita karibu na mlango wa nyuma alisikia harufu ya nywele zilizoungua, halafu ikapotea kabla hajamwita mtu aje ainuse. Na watu mitaani walikuwa wameanza kuzungumza naye kwa sentensi fupi, huku wakiangalia nyuma.

Halafu akaja yule nesi.

Aliingia ofisini mchana, gazeti amelikunja kwapani, akaketi bila kukaribishwa. Hakupaza sauti.

"Wewe ndiye mhariri, mama?"

"Ndiye mimi, dada. Karibu."

Nesi alilifungua gazeti ukurasa wa tatu. Safu ilisema kwamba nesi wa wodi ya watoto, anayemwuguza mama yake nyumbani mwaka wa nne sasa, amesema: "Mungu wangu, si umchukue tu nami nilale."

"Niliyasema jikoni," nesi akasema. "Bomba lilikuwa wazi, sufuria zinagongana. Nilikuwa peke yangu. Nilikuwa nimechoka tu, unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Mama yangu miguu haina nguvu, lakini macho anayo. Kila asubuhi namnunulia gazeti lenu." Akalikunja tena taratibu. "Tangu juzi hataki chakula kutoka mkononi mwangu. Ananiambia, pumzika mwanangu, ulale. Sasa nimekuja kuuliza jambo moja tu. Mwandishi wenu alikaa wapi?"

Mhariri aligeuza macho kuelekea mlango wa nyuma. Nesi alimsubiri, kisha akanyanyuka akaondoka.

Mchana ule ule umeme ukakatika. Mashine zote zilizima, feni zikasimama, na kwenye ukimya ule mhariri na Miwani wakasikia kitu ambacho huenda kilikuwapo siku zote chini ya mvumo wa mashine. Ulikuwa mchakacho, kama wa mtu anayepekua kurasa nyingi kwa mara moja, nao ulitoka chumba cha nyuma.

"Mama, tutoke nje," Miwani alinong'ona.

"Shika tochi."

"Mama, mimi nina watoto."

"Hata mimi ninao. Shika tochi."

Walikwenda wakinyata, na kadiri walivyousogelea mlango ndivyo mchakacho ulivyogeuka kuwa minong'ono, ya wanaume na wanawake na watoto, mamia ya minong'ono iliyopandana, mmoja ukiomba radhi, mwingine ukitukana, mwingine ukihesabu vidonge, na katikati yake mhariri akaitambua sauti ya nesi ikisema si umchukue tu, na nyuma ya nesi akaitambua sauti nyingine iliyomfanya ashike ukuta, kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe, ile aliyomnong'onezea mumewe alfajiri ya siku hiyo kabla hawajatoka kitandani, ikiyarudia maneno yale yale kwa upole ule ule, huku harufu ya nywele zilizoungua ikiwajaa kooni naye akipapasa tundu la kitasa kwa ufunguo, na alipolipata na mlango ukafunguka, mwanga wa tochi ukaangukia mgongo wa mtu aliyevaa koti zuri, ameketi kwenye kile kiti ameelekea ukutani, masikio yake makubwa na membamba yakichezacheza kama ya mnyama anayewinda, kisha mtu yule akageuza kichwa taratibu, kichwa peke yake, mabega yakabaki pale pale, na chini ya pua yake hapakuwa na kitu. Ngozi tupu, laini, mpaka kidevuni.

Miwani aliangusha tochi. Umeme uliporudi walikuwa barabarani, na hakuna aliyekumbuka wamepitaje mlangoni.

Kesho yake "Tumesikia" iliandika kwamba mhariri wa gazeti hili amemwambia mumewe: "Kaka angejiondoa mwenyewe ningepumua. Hajui kazi, anajua suti tu."

Kaka alikuja na ukurasa mkononi. Macho yalikuwa mekundu.

"Ulisema?"

"Nilisema," mhariri akajibu. "Nisamehe, kaka. Lakini jiulize nani alikuwepo kunisikia. Tulikuwa chini ya shuka."

Akamweleza waliyoyaona. Kaka hakubisha. Aliketi, akalegeza tai, na ilikuwa wazi kwamba amejua kitu siku nyingi, ila alikuwa akikipita pembeni.

Mganga waliyemleta alikuwa mama wa makamo, mwenye sifa ya kutozungushazungusha maneno. Alifika adhuhuri, akavua viatu, akatembea mpaka mlango wa nyuma na kuweka kiganja ubaoni. Hakuufungua.

"Huyu hana kinywa," alisema. "Wa namna hii wapo. Anasikia yote tangu watu waumbwe, na hana pa kuyatolea. Gazeti lenu ndilo kinywa chake."

"Mtoe, mama," mhariri akasema. "Chochote utakachotaka tutatafuta."

"Nitamtoaje mtu kwenye mali yake? Angevamia ningemfukuza, hiyo ni kazi yangu. Nyinyi mmemuuzia nusu, na sahihi mmetia." Alitazama ndugu wale wawili. "Labda mali yenyewe isiwepo."

Walielewa. Kaka alisimama.

"Tulifunge? Baba alipasuka visigino kwa ajili ya gazeti hili."

"Baba aliandika vilivyothibitishwa, kaka. Hakusikilizia watu majikoni."

"Nimelala humu ofisini. Nimepiga magoti kwa watu. Mke sikuoa kwa ajili ya hili gazeti." Sauti ilimpanda, halafu ikamvunjika. "Huwezi kulifunga. Mimi ndiye gazeti. Unasikia? Gazeti ni mimi."

Nyuma ya mlango mchakacho ulikoma ghafla.

Mganga aliondoa kiganja chake ubaoni, akamtazama kaka kwa muda. "Ungenyamaza, baba," alisema, kisha akavaa viatu vyake. Walipombembeleza aeleze, alisema tu wafunge haraka, na mhariri amwangalie sana kaka yake.

Toleo la mwisho mhariri aliliandika mwenyewe. Ukurasa wa kwanza aliwaomba radhi walioumizwa na "Tumesikia," akasema safu ile haikuandikwa na binadamu na kwamba gazeti linakufa leo kwa hiari yake. Watu walilinunua lote. Wengi walisema ni ujanja wa kukwepa kesi. Kaka alikwenda naye kwa msajili wa magazeti, akatia sahihi ya kulifuta jina. Chumba cha nyuma kilipofunguliwa kilikuwa kitupu, kinanuka vumbi tu, na Miwani alilia kwa furaha mbele ya kila mtu bila kuona haya.

Mhariri aliamini wamepona. Alipata kazi ya kusahihisha vitabu vya shule, akawa analala usingizi mzima.

Ni muuza magazeti wa kona aliyemletea habari. "Shangazi, nenda kamwone kaka yako. Pana foleni kwake."

Foleni ilikuwa imezunguka ukuta. Watu walisimama kimya, kila mmoja ameangalia kisogo cha mwenzake, wengine wamejitanda nyuso. Ndani, kaka aliketi sebuleni na suti yake, amekonda, shingo imelegea upande mmoja. Macho yalikuwa yamefumba. Mdomo peke yake ndio uliokuwa ukifanya kazi, upesi upesi, kwa sauti ya mwanamke ambaye mhariri hakumjua, na mwanamume aliyekuwa mbele yake alisikiliza huku machozi yakimtiririka, akaweka noti mezani, akamwomba aendelee.

Mhariri aliwafukuza wote. Alimbeba kaka yake mpaka nyumbani kwake, akampa chumba cha wageni, akamlisha kwa kijiko. Mganga alipoitwa alifika hadi getini, akatikisa kichwa. Safari hii, alisema, hakuna cha kufuta ila mtu; lakini kinywa cha mtu hulishwa na maneno yanayonenwa karibu naye, na yakikosekana huenda kikadhoofu.

Kwa hiyo mhariri, mumewe na watoto wakajifunza kuishi bila kunena. Hawakunong'ona, hawakujisemea bafuni, hata kuomba dua waliomba moyoni. Walizungumza kwa vidole na nyusi. Kaka, kwa kukosa cha kusikia humo ndani, alipungua maneno wiki baada ya wiki, mpaka akawa anashinda kimya, na mhariri akaanza kumwona anakula mwenyewe.

Mchana mmoja walikuwa mezani, mlango wa chumba cha wageni ukiwa wazi ili wamwone. Mume aliinua kidole kidogo, akaelekeza kwa mkewe.

"Anataka chumvi," sauti ikasema kutoka chumbani.

Haikuwa sauti ya kaka. Ilikuwa ya mumewe, ingawa mumewe alikuwa amefumba mdomo, kidole bado kiko hewani.

"Na Jumamosi," sauti ikaendelea kwa upole, "anataka kuwachukua watoto ahame. Hajajua atakuambiaje."

Mhariri alimgeukia mumewe, akisubiri atikise kichwa kukataa. Mume alishusha kidole taratibu, akaitazama sahani yake.