Robo ya Saa Nne

Tofauti ilitoka sifuri, na hilo halijawahi kutokea.

Kompyuta kuu ya ofisi ilikuwa na chombo cha kuipima. Kila robo saa kiliandika nani ameitumia, na kiasi gani. Kila asubuhi Mama Kidoti, karani wa vipimo hivyo, alichukua robo ya leo, akaiweka kando ya robo ileile ya mwaka jana, akatazama zilivyopishana. Na lazima zipishane. Nani anafanya kazi sawasawa siku mbili, sembuse mwaka?

Jumatatu hiyo, saa nne na robo mpaka nne na nusu, hakuna kilichopishana hata tarakimu moja. Jina lililokuwa juu kabisa ni la Baba Kidoti, mumewe, aliyefia kwenye kiti kilicho jirani na chake mwaka jana, robo hiyohiyo.

Msiulize akaunti ya marehemu ilibaki kufanya nini. Watu wa mitambo bwana! Kuna ripoti ya alfajiri ilikuwa ikipita kwa jina lake, na hakuna aliyejua marehemu aliiundaje. "Usiguse, itaanguka," ndiyo dua yao. Lakini ripoti ya alfajiri na saa nne wapi na wapi?

Akatafuta mstari wake mwenyewe kwenye robo ile. Mtupu. Alikuwa kitini, chai imepoa mbele yake, na hakumbuki kitu. Puani kulikuwa na harufu ya dawa ya kuchua, ile aliyokuwa akijipaka mumewe kwenye paji la uso kichwa kikimgonga.

Jumanne robo zisizopishana, na asizozikumbuka, zikawa mbili. Jumatano tatu. Akahesabu vidole: siku ya kumi na moja ya kazi, zitamezwa mpaka saa saba. Kidoti hutoka shule saa saba kasorobo, hapo nyuma ya jengo, na hana mwingine wa kumchukua. Mama mtu alingoja woga uje. Haukuja. Alijisikia kama mguu uliokufa ganzi, unaukanyagia tu.

Akaenda kwa shangazi yake, anayetibu watu wenye majini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekauka macho hivyo?"

Akamweleza. Shangazi akainuka, akafunga dirisha, akarudi kunong'ona.

"Huyo si mumeo, ukome kumlilia. Ni jini, amekuta jina halina mwenyewe akaliingia. Kila robo anayokula kwako anaiweka. Zikitosha, atatembea."

"Aende wapi?"

"Mumeo alimpenda nani kuliko watu wote?"

Mama Kidoti akaokota mkoba wake, akainuka.

"Futa jina. Na usimwachie pa kushika, unanisikia?"

Msimamizi wa mitambo alimzungusha siku nzima ndipo akakubali, ikawa siku ya tisa. "Haya dada, tumefuta. Ripoti nimeiweka kwa jina lako, maana lazima iwe ya mtu. Umefurahi?"

Alifurahi kweli. Siku ya kumi mistari ilipishana kama zamani, harufu hakuna, na jioni alimcheka Kidoti aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Ni cheko la kwanza baada ya mwaka.

Siku ya kumi na moja aliketi saa nne akiwa na kikombe mkononi, akasikia mashine zikinguruma kama kawaida, kisha mngurumo ukashuka kidogo, ukawa wa mtu anayevuta pumzi taratibu karibu na sikio lake, na kile kiti cha jirani kikalia kama kinavyolia mtu akiinuka, na harufu ikaja, kali, si kutoka kitini wala mlangoni bali kwenye viganja vyake mwenyewe, na alipotaka kupiga kelele saa ya ukutani ilikuwa imeshafika saba na dakika tano.

Akaweka leo kando ya mwaka jana. Palipokuwa na mstari wa marehemu, sasa pana mstari wake yeye. Tofauti sifuri, sifuri, sifuri, tangu saa nne na robo mpaka saa saba.

"Futa jina langu," akamwambia msimamizi.

"Dada, ripoti si iko kwako? Tukigusa, itaanguka."

Akapiga simu shuleni. Akapokea mwalimu mgeni, aliyeanza muhula huu.

"Mwalimu, nimechelewa. Usimkabidhi Kidoti kwa mtu yeyote, nakuja."

"Ah, mama, usihangaike. Baba yake ameshamchukua. Sikumjua, nikamzuia, lakini mtoto mwenyewe alimkimbilia, akamning'inia shingoni, analia kwa furaha." Mwalimu akacheka kidogo. "Ila mwambie apunguze ile dawa ya kuchua. Darasa zima linanuka."